Picha 412 za Kibanda Kisichoonekana

Wasee, leo naungama. Kwa miaka minne nimepiga picha 412 kwenye kibanda cha mathe. Najua ni 412 kwa sababu nilizihesabu usiku mmoja mwezi uliopita, nimekaa kitandani, tumbo limeshika baridi. Picha za wateja wamevaa magauni mapya. Picha za mathe akikata kitambaa. Picha za cherehani, mkasi, vifungo. Na hakuna hata moja, jamani, hata moja, ambayo ungeangalia useme: aah, kumbe kibanda chenyewe kilikuwa hivi.

Kote nyuma ni ukungu. Ukungu mtamu, laini, rangi zimeyeyukiana kama aiskrimu iliyosahaulika juani. Ule ukungu ambao mnanipendea, na ambao kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Buda, hiyo unatumianga programu gani?"

Nitawaambia. Lakini nitawaambia pia venye ulinigharimu, na ukamgharimu mathe zaidi.

Tuanze na mathe na sindano yake. Mathe ni fundi wa nguo. Amefika ile miaka ambayo kitu cha karibu hakionekani vizuri tena, na miwani yake huwa imepotea juu ya kichwa chake mwenyewe. Akitaka kupitisha uzi kwenye sindano bila miwani, anafanya kitu ambacho pengine umeona shosho yako akifanya: anakunja macho mpaka yanabaki nyufa mbili tu. Na uzi unapita. Sasa kwa nini kukunja macho kunasaidia? Jicho halijapata nguvu mpya. Kilichobadilika ni njia ya mwanga, imekuwa nyembamba. Ukielewa hilo, umeelewa nusu ya kamera.

Lenzi inaweza kufokasi umbali mmoja tu kwa wakati mmoja. Kitu kilicho kwenye umbali huo, kila nukta yake inatua kwenye sensa kama nukta. (Si ile sensa ya kuhesabu watu. Hii ni lile bamba dogo ndani ya kamera linalopokea mwanga.) Kitu kilicho nyuma zaidi, mwanga wake unakutana mapema, kabla haujafika kwenye sensa, halafu unaanza kutawanyika tena. Ukifika haufiki kama nukta, unafika kama kiduara. Viduara elfu na elfu vikipandana, mistari inapotea, maandishi yanapotea, na hiyo ndiyo bla mnayoitaka. Tundu la lenzi likiwa kubwa, viduara vinakuwa vikubwa. Ukilibana, vinakuwa vidogo, ndivyo mathe anavyofanya na macho yake.

Ile namba ya f/1.8 au f/8 mnayoiona kwenye kamera ni hesabu ya kugawanya tu. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.8: gawanya 50 kwa 1.8, unapata tundu la karibu milimita 28. Hiyohiyo kwenye f/8, tundu linabaki kama milimita 6. Ndiyo maana namba ndogo ni tundu kubwa. Hii kitu ilinichanganya miezi mitatu mzima, nikiwaza waliotengeneza kamera walikuwa wanatucheza.

Sasa sikia hii, ndiyo hesabu ninayoipenda kuliko zote. Chukua umempiga mtu picha usiku, na mbali kabisa nyuma yake kuna taa ya matatu. Taa hiyo itageuka kiduara. Kiduara kikubwa kiasi gani? Ukubwa wa tundu la lenzi yako, kana kwamba umekikata kwa karatasi na kukishika kando ya uso wake. Tundu la milimita 28 linakupa kiduara cha milimita 28 kando ya shavu, kikubwa kidogo kuliko sarafu ya shilingi 20. Ukisogea karibu, uso unajaa kwenye picha, na sarafu inakua pamoja na uso. Ukitumia lenzi ya milimita 85 ya f/1.8, kiduara kinafika kama milimita 47. Hapo nganya moja yenye taa za disko inatosha kukupambia nyuma yote.

Na simu je? Wameandika f/1.8 kwenye boksi, na hawajadanganya. Lakini lenzi kuu ya simu ni fupi sana, urefu wake halisi ni milimita 5 hivi, 6, mara nyingine 7. Gawanya kwa 1.8. Tundu lako ni kama milimita 3. Kichwa cha njiti ya kiberiti. Ile taa ya matatu itakuwa kichwa cha kiberiti kando ya shavu la mtu, na hapo hakuna bla ya kuongelea, labda usogee karibu kabisa na kitu kidogo kama kifungo au ua. Kwa hivyo simu, kwa maumbile yake, inaona kila kitu. Ukitaka isione, lazima uilazimishe.

Kulazimisha huko ndiko kunaitwa modi ya potreti. HTC walijaribu mwaka 2014 na simu yao ya One M8 iliyokuwa na kamera mbili nyuma za kukadiria umbali. Lakini kitu kililipuka mwaka 2016 na iPhone 7 Plus. Kamera mbili zinaangalia kutoka sehemu mbili tofauti kidogo, kama macho yako mawili, simu inakadiria nani yuko karibu na nini kiko mbali, halafu inapaka ukungu kila isipopaona kuwa mtu. Mwaka uliofuata Google wakaleta Pixel 2, iliyofanya hivyo kwa kamera moja tu nyuma, na programu iliyofunzwa kutambua mtu ni yupi. Kutoka hapo hata simu za bei ya chini zikaanza kuwa na hiyo modi, zingine zinakisia tu.

Na kukisia ndiko kunaleta vituko. Mathe huweka pini mdomoni akipima nguo. Simu yangu ya kwanza ilikuwa inazifuta, zote, inamwacha na midomo imebana kama mtu amenuna. Tepu yake ya kupimia ambayo huning'inia shingoni, nusu inaonekana, nusu imeliwa. Wateja wenye afro ndio walikuwa shida kabisa, nywele zinakatwa kama ua la nyumba, zimechongwa. Lenzi ya ukweli haina hayo, kwa sababu haikisii mtu ni nani. Inajua umbali tu.

Kuna neno la huu ukungu ambalo wapigapicha hulitumia kujiona wamesoma: boke. Ni la Kijapani, maana yake ni kama ukungu ama kitu kilichofifia. Liliingia kwa Kiingereza rasmi hivi mwaka 1997, mhariri mmoja Mmarekani, Mike Johnston, alipolichapisha kwenye gazeti la upigaji picha na kuliongezea herufi h mwishoni ili wasomaji wake walitamke sawa. Sisi hatuhitaji hiyo h. Sisi Boke tunamjua, ni msichana Mkuria, labda ulisoma naye.

Sasa turudi kwa kibanda.

Kilikuwa cha mabati, kando ya barabara huku Eastlands, chini ya mparachichi ambao kwa miaka yote hiyo sijawahi kuona umezaa. Mlango wa mbao, umepakwa rangi ya buluu iliyobaki kutoka kwa kazi ya mtu mwingine. Kiti cha wateja mguu mmoja ulikuwa umefungwa na waya. Kulikuwa na kalenda ya mwaka 2017 ambayo hakuna mtu aliitoa kwa sababu ilifunika shimo. Na nyuma ya ule mlango, kwa ndani, mathe aliandika vipimo vya watu. Kwa maka penu, kutoka juu hadi chini. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Alikuwa na kitabu pia, lakini kitabu kilikuwa cha wateja wapya. Ukirudi mara ya tatu, unapandishwa cheo, unaandikwa mlangoni.

Nilikuwa natoka shule, baadaye chuo, napita hapo kumsaidia. Na nilikuwa naaibika. Wacha niseme tu, kwa sababu nikisema "nilikuwa natafuta mtindo wangu" nitakuwa nawadanganya. Nilipoanza kuposti picha za nguo zake, msee mmoja tuliyesoma naye aliandika, "Hiyo ni ya nani, ya mama wa mtumba?" Watu 31 wakacheka. Nakumbuka hiyo namba vizuri kuliko namba yangu ya mtihani. Picha yenyewe nilikuwa nimeipiga wazi, kila kitu kinaonekana: bati lenye kutu, mtaro, mbuzi wa jirani amesimama kama mlinzi.

Niliifuta. Kutoka siku hiyo sikupiga tena picha bila ukungu.

Mwanzoni ni simu. Halafu nikaokota pesa kidogo kidogo mpaka nikanunua kamera mtumba na lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ile ya plastiki, ya bei nafuu kuliko lenzi karibu zote. Kama unataka ukungu wa kweli na huna ganji ya kuchezea, hiyo ndiyo ya kutafuta. Na hapo nikajifunza siri ambayo watu wengi wenye kamera kubwa hawaijui: tundu si kila kitu. Mpangilio wa watu ndio kila kitu. Nilikuwa namtoa mteja nje, namsogeza mbele hatua nne au tano kutoka kwa kibanda, mimi mwenyewe naenda karibu naye, karibu mpaka anaanza kucheka. Mteja akiegemea ukuta hata lenzi ya laki mbili haitakusaidia, kwa sababu ukuta na yeye wako umbali mmoja. Mtenganishe na ukuta. Mkaribie. Hizo mbili ni bure.

Kwa kamera yangu, nikifokasi mtu aliye mita 2 mbele kwenye f/1.8, sehemu iliyo wazi ina unene wa kama sentimita 11. Kumi na moja! Kuanzia pua hadi sikio, basi. Nikisogea mita 1, inabaki chini ya sentimita 3, na hapo jicho moja liko wazi na la pili limeanza kuota. Ndiyo maana nawaambia kila siku, fokasi kwenye jicho la karibu, na uombe Mungu mtu asitikisike.

Vitenge alivyoning'iniza mathe mlangoni viligeuka madoa ya rangi, ya njano, ya maruni, ya kijani. Mwanga uliopenya kwenye majani ya mparachichi ukawa sarafu za dhahabu. Bati lenye kutu likawa rangi moto ya machweo. Wacha niseme ukweli, zilikuwa picha kali. Watu wakaanza kuuliza studio iko wapi. Na mimi, mtoto wa mathe, nikajibu, "Ni kwa miadi tu."

Mathe alipata wateja kupitia hizo picha, hilo siwezi kukana. Alikuwa anaziweka kwa stetasi yake ya WhatsApp. Lakini hakuna siku aliniuliza kwa nini kibanda hakionekani, nami sikumwambia.

Mwaka huu barabara ikaanza kupanuliwa. Kulikuwa na notisi, halafu ikawa kimya, halafu alfajiri moja tingatinga likaja kabla hata wauza maandazi hawajawasha jiko. Mathe aliokoa cherehani na vitambaa. Mlango hakuuokoa. Alipourudia saa mbili asubuhi, ulikuwa umebondwa pamoja na mabati, na jamaa wa vyuma kuukuu walikuwa wanachambua. Siongezi kitu hapo, wengi wenu mnajua hizo asubuhi.

Alipata chumba ndani ya ploti moja, orofa ya kwanza, mtaa wa pili. Na wateja wakapotea. Unajua kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyejua jina lake. Kibanda hakikuwa na bango. Watu walikuwa wanasema, "Yule fundi wa mlango wa buluu, pale chini ya mparachichi." Sasa mlango hakuna, na mparachichi pia ulikatwa. Mathe akapata wazo, na lilikuwa wazo zuri kuliko langu lolote: achapishe picha kubwa ya kibanda cha zamani, aitundike kwenye geti la ploti, iandikwe tu "Tuko hapa juu". Mtu akiona ule mlango atajua.

Akaniambia, "Si wewe ndiye una picha zote?"

Na kuna kingine alitaka. Kwaya ya kanisa fulani, watu 24, walikuwa wameagiza mavazi mapya, na vipimo vyao vyote vilikuwa mlangoni. Akauliza kama kuna picha ambayo mlango uko wazi, tukuze, tusome.

Ndio usiku huo nikahesabu 412.

Wacha niwaelezee kwa nini ukungu hauondoki, ju najua kuna mtu tayari anasema "si utumie programu". Ukungu wa lenzi si pazia lililowekwa mbele ya kitu. Ni mwanga uliochanganyikana kabla ya kufika kwenye sensa. Namba 34 ya kiuno cha mtu imesambazwa juu ya namba ya jirani yake, na ya jirani juu ya ubao, na ubao juu ya hewa. Ni kama kuchanganya unga wa ngano na wa mahindi kisha uombwe uutenganishe. Ukungu wa modi ya potreti una nafuu kidogo. Simu nyingi huhifadhi ramani ya umbali ndani ya faili, na unaweza kurudi baadaye ukauzima, picha ikarudi wazi. Lakini hiyo ni ukiwa na faili lenyewe. Simu yangu ya kwanza ilinyakuliwa dirishani mwa matatu. Nilizobaki nazo ni zile nilizomtumia mathe kwa WhatsApp, na huko picha inafika imebanwa, tambarare, ramani haimo. Ukungu umekuwa sehemu ya picha.

Nikajaribu akili bandia. Nilikuwa nimekata tamaa, si munielewe. Nikaiwekea picha bora niliyokuwa nayo, nikaiambia iondoe ukungu. Ikafanya kazi safi sana. Ilitoa duka, jamani, duka la kupendeza: ukuta wa matofali, mlango wa mbao wenye kitasa cha shaba, rafu za nguo zilizopangwa. Kwenye mlango kulikuwa na maandishi yanayofanana na maandishi. Nikampelekea mathe simu.

Akaangalia muda mrefu. Akauliza, "Hapa ni kwa nani?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaanza kupitia zile zingine, moja moja, kwa kile kidole chake kilichochomwa na sindano mara elfu. Akasema, "Mimi miaka hii yote nilidhani simu yako ina shida ya macho." Hapo sasa tukacheka wote. Halafu, akiwa bado anapitisha kidole, akasema kama mtu anayeongea na uzi, "Lakini hata mimi ningeficha. Yale mabati yalikuwa yameoza."

Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo sina.

Kuna mpigapicha wa Mali, Seydou Keïta, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948. Kama hujawahi kuona picha zake, zitafute leo, utaona watu wamevaa nguo za maua mbele ya vitambaa vya maua, na hakuna kinachomezana. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka lake la kitandani, lenye matamvua. Baada ya miaka michache akabadilisha, kisha akabadilisha tena. Na miaka mingi baadaye, alipokuwa mzee na watu wakamuuliza picha hii ni ya lini, ile ni ya lini, alikuwa anatambua kwa kuangalia pazia. Nyuma ndiko kulikuwa na tarehe. Nilisoma hiyo habari wiki mbili baada ya tingatinga. Mambo mengine hukupata ukiwa umechelewa makusudi.

Picha ilipatikana, na haikuwa yangu. Mdogo wangu, alipokuwa darasa la nne, alipewa kabambe ya mathe kuchezea, ile yenye kamera ya VGA. Akapiga picha ya kibanda kutoka ng'ambo ya barabara, sijui kwa nini, watoto hawahitaji sababu. Tuliipata kwenye memori kadi iliyokuwa ndani ya kopo la vifungo. Kidole chake kimefunika kona moja. Mathe amekatwa nusu. Lakini mlango upo, buluu yake ipo, kiti na waya wake, kalenda kwa ndani, mparachichi mzima, na yule mbuzi. Kila kitu kiko wazi, kutoka kwenye mtaro hadi nyumba za mbali.

Na hiyo si bahati tu. Kamera ya kabambe haina fokasi ya kurekebisha, imefungwa mahali pamoja, na tundu lake ni dogo na sensa yake ni ndogo kiasi kwamba kuanzia kama hatua moja mbele yako hadi mwisho wa dunia vyote vinaonekana sawa. Haiwezi kufifisha kitu hata ukitaka. Ningekuwa na ile kabambe badala ya lenzi yangu, mathe angekuwa na picha 412.

Ubaya ni kwamba VGA ni nukta 640 kwa 480, basi. Bango ukilisogelea ni viboksi viboksi tu. Ukisimama kwenye geti la pili unaona mlango wa buluu. Wateja wameanza kurudi, mmoja mmoja. Mwalimu mmoja wa nasari alisimama chini ya bango akapiga simu juu: "Ni wewe?" Vipimo vya kwaya havikusomeka. Mathe aliwapima upya wote 24, Jumapili mbili mfululizo, na nilishika tepu upande wa pili. Wengine wameongezeka, akawa anawaambia ukweli bila huruma.

Mnaniuliza kama nimeacha ukungu. Sijaacha. Gauni la harusi nitalipiga kwa f/1.8 hadi nizeeke. Kule California mwaka 1932 Ansel Adams, Edward Weston na wenzao waliunda kikundi wakakiita f/64, jina la tundu dogo kabisa, ili kila kitu kwenye picha kiwe wazi. Nawaheshimu, lakini siwezi kuishi hivyo. Kitu nimebadilisha ni kidogo: kila kazi, kabla ya kufungasha, nazungusha hadi f/8, natembea nyuma hatua kumi, napiga moja ambayo sitaiposti. Mtu, ukuta, mtaro, jina la barabara kama lipo. Inachukua sekunde chache.

Juzi mathe alitaka picha mpya ya stetasi, akiwa ndani ya kile chumba. Ukuta wa nyuma una doa la maji lenye umbo la Afrika, na karatasi tatu za mwenye nyumba kuhusu takataka. Nikaweka f/8 bila kufikiria. Akaja kuangalia kwenye kioo cha kamera, miwani juu ya kichwa, macho yamekunjwa.

"Aka," akasema. "Hiyo ukuta hapana. Hebu weka ule ukungu wako."

Nikampiga mbili.